Kiestonia cha kila siku: baada ya "tere" unasema nini?

Mkulima_Tartu

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za wakati huu. Naomba msaada wa mwenye uzoefu na Estonia.

Niko Tartu, nasoma shahada ya uzamili Maaülikool, chuo kikuu chao cha kilimo. Masomo ni kwa Kiingereza, kwa hiyo darasani sina shida. Shida inaanza nikitoka nje. Najua *tere* (salamu), *aitäh* (asante), *palun* (tafadhali) na *head aega* (kwaheri). Nimefika katikati ya Keeleklikk, lile somo la bure la mtandaoni, na hata habari ya nomino kubadilika kwa namna 14 hainitishi tena. Ninachokosa ni maneno ya kuishi na watu.

Mfano ni mama mwenye nyumba wangu, mtu mzima wa miaka sabini na kitu. Tukikutana kwenye ngazi nasema *tere*, naye anasema *tere*, basi, imeisha. Nikiongeza *Kuidas läheb?*, mambo yanaendaje, anasimama, ananitazama, anafikiri kabisa, kisha ananijibu *Pole viga* na kuendelea kushuka. Nabaki najiuliza kama nimemsumbua. Mimi nimelelewa kwamba kumpita mtu mzima kwa neno moja ni utovu wa adabu, na kila nikimpita hivyo roho inanisuta.

Mwezi wa sita nakwenda mafunzo kwa vitendo kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa Võrumaa, kule kusini karibu na mpaka wa Latvia. Nitakaa na familia ya mwenye shamba kiangazi chote, na Kiingereza cha chuoni nitakiacha huku. Mtu akiwa kazini unamwambia nini? Akiwa anakula? Akifiwa? "Pole" yetu wao wanayo? Sitafuti orodha ya maneno ya watalii. Nataka kujua linasemwa lini na anaambiwa nani. Natanguliza shukrani.

Bahari_Tallinn

Kaka, karibu Estonia. Kwa maoni yangu usijichoshe sana. Mimi niko Tallinn, na vijana karibu wote wanakigeukia Kiingereza mara tu wakisikia lafudhi yako. Dukani maneno ni yaleyale kila siku. Mwuzaji anauliza *Kas kliendikaart on?*, kama una kadi ya mteja, unajibu *Ei ole*, sina. Anauliza kama unataka risiti, *Kas tšekki soovite?*, unajibu *Ei, aitäh*, hapana asante. Ukilipa unasema *Kaardiga*, kwa kadi, au *Sularahas*, kwa taslimu. Kwenye mkahawa ni *Palun üks kohv*, kahawa moja tafadhali. Hayo yanakutosha mjini, muda wako upeleke kwenye masomo. Nasema hivi kwa nia njema, maana nimeona watu wakihangaika na lugha hii mpaka wakakata tamaa.

Mama Liisi

Marahaba, mdogo wangu. Mimi nimeolewa huku, naishi hukohuko Võrumaa unakokwenda, na kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye *hooldekodu*, nyumba ya kulelea wazee. Kutwa naongea na watu wa umri wa mama mwenye nyumba wako. Nitakujibu kwa yale ninayoyaona, na nitakuwa mrefu kidogo, maana swali lako limenigusa.

Kwanza mwondolee huyo mama lawama, na ujiondolee na wewe. Sisi tunaingia kwa mtu kwa salamu: habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi, nzuri, nzuri, nzuri, ndipo tuguse jambo lililotuleta. Kwao *tere* ni salamu iliyokamilika, haijapungukiwa na kitu. *Kuidas läheb?* haiendelezi salamu, ni swali, na anayeulizwa anaamini unataka jibu. Ndiyo maana alisimama kwenye ngazi akafikiri. Hakukereka hata kidogo. Alikutafutia jibu la kweli, akakupa *Pole viga*, yaani hakuna kasoro, na kwa mtu wa kizazi chake hiyo ni habari njema kabisa.

Hiyo *pole* yao ni kifupi cha *ei ole*: si, hakuna, haipo. Utaisikia kutwa: *pole viga*, *pole hullu*, *pole paha*, *pole midagi*, na zote zinaelekea palepale, kwamba mambo si mabaya. Inatamkwa karibu sawasawa na yetu, kwa hiyo sikio la Mswahili linashtuka kila mara kutafuta nani kapatwa na nini. Lizoeshe mapema.

Sasa nikupe jambo la kazini kwangu, litakusaidia sana shambani. Asubuhi naingia chumbani nasema *Tere hommikust*, kisha *Kuidas te magasite?*, umelalaje. Kuna bibi mmoja hujibu *pole viga* kila siku ya Mungu, hata siku ambayo macho yake yanaonyesha hakulala. Nikimwuliza *Kas põlv valutab?*, goti linauma, anaweka kikombe mezani, anasogeza blanketi, ananionyesha goti lenyewe, na maneno yanaanza kutoka: limeanza lini, hali ya hewa ya namna gani inalichokoza, mama yake alikuwa akilikanda kwa majani gani. Goti ni lile lile na bibi ni yule yule, kilichobadilika ni swali. Ukimwuliza kwa jumla anakujibu kwa jumla. Ukimwuliza kitu mahususi anajua umemwona.

Kwa hiyo mama mwenye nyumba usimwulize habari, mwulize kuhusu kilichoko mkononi mwake. Ukimkuta anarudi na kikapu msimu wa uyoga, sema *Kas seeni oli?*, uyoga ulikuwepo? Utashangaa atakavyosimama kwa hiari yake. (Ila usimwulize kauokota wapi. Mahali pazuri pa uyoga ni siri ya nyumba, haulizwi mtu.)

Umeuliza kuhusu kazini na mezani, na hapo ndipo moyo wa jambo lenyewe. Wengi wetu tunautafuta ukarimu wa Waestonia kwenye salamu, hatuuoni, tunaondoka tukisema hawa watu ni baridi. Ukarimu wao uko kwenye kutakiana heri wakati mtu yumo ndani ya shughuli. Sisi tukimkuta mtu analima hatumpiti kimya, tunamwambia pole na kazi, au hongera kwa kazi. Wao wanafanya vivyo hivyo, na neno lao ni *Jõudu tööle!*, nguvu kwa kazi. Jibu lake ni *Jõudu tarvis!*, nguvu inahitajika.

Septemba tunavuna viazi kwa mama mkwe. Jirani yake ni mzee wa maneno machache mno. Akipita na baiskeli hapunguzi mwendo wala hapungi mkono. Anasema tu *Jõudu tööle!* huku uso ukitazama mbele. Mama mkwe hainui mgongo, mikono bado imo udongoni, anajibu *Jõudu tarvis!* na kiazi kinaingia kwenye ndoo. Mgeni akitazama ataapa kwamba hao wawili wana ugomvi. Mimi nakuambia wamesalimiana salamu nzito. Jirani akipita kimya, mama mkwe jioni nzima anauliza kulikoni, kama mke wake anaumwa, kama amekwazika na jambo gani.

Hilo liwe neno lako la kwanza shambani. Ukiingia zizini na wenzako wameshaanza kukamua: *Tere, jõudu tööle!* Halichagui cheo. Mwambie mwenye shamba, mwambie fundi aliye chini ya trekta, mwambie hata usiyemjua anayepasua kuni kando ya njia. Usimwambie tu aliyekaa kupumzika, atadhani unamsema. Na siku ya *talgud*, ambayo ni msaragambo wao wa kweli, majirani wakikusanyika kujenga ghala au kusafisha kijiji, utalisikia mpaka ulizoee. Mwaka 2008 walifanya usafi wa nchi nzima kwa mtindo huo, watu wapatao 50,000 wakatoka siku moja, tarehe 3 Mei, kuokota taka misituni. Watu wasiopiga soga kwenye basi ndio haohao.

Mezani kuna *Head isu!*, ule kwa hamu, ambayo kila mtu anaisema, na jibu ni *Aitäh*. Ila vijijini na kwa wazee, ukimkuta mtu anakula, sema *Jätku leiba!*, mkate usikatike. Atakujibu *Jätku tarvis!* Mkate unaotajwa ni *leib*, ule mweusi wa nafaka ya *rukis*, na heshima yake ni kubwa. Wana msemo: *Austa leiba, leib on vanem kui meie*, heshimu mkate, mkate ni mkubwa wetu kwa umri. Wazee wangu, kipande kikianguka sakafuni, wapo ambao bado wanakiokota na kukibusu kama walivyofundishwa utotoni.

Hapo ujue tofauti moja. Anayekula akikujibu *Jätku tarvis* hakukuambia karibu. Kukaribishwa kuna maneno yake, *Kas võtad kohvi?*, utakunywa kahawa, au *Palun võta*, tafadhali chukua, na unakaribishwa mara moja. Ule utaratibu wetu wa kukataa kidogo mpaka tubembelezwe huku haupo. Ukisema *Ei, aitäh* sahani imeondoka na hakuna aliyekosea. Kama unataka, sema *Jah, palun* kwa roho safi. Ukimaliza: *Aitäh, väga maitsev oli*, asante, kilikuwa kitamu sana. Mpishi atajibu *Võta heaks* na utaona amefurahi, ingawa uso hautapiga kelele.

"Pole" yetu haina neno moja. Wameigawa. Aliyejikwaa mbele yako: *Oi! Said haiget?*, umeumia? Mgonjwa: *Saa ruttu terveks!*, upone upesi. Aliyeharibikiwa jambo, mvua imeloanisha nyasi zake zilizokwisha kukauka: *Oi kui kahju*, inasikitisha kweli. Aliyefiwa: *Tunnen kaasa*, nahuzunika pamoja nawe, au kirasmi *Avaldan kaastunnet*, natoa rambirambi. Kisha nyamaza, mdogo wangu. Usiufukuze ukimya kwa "jikaze" na "ni mapenzi ya Mungu". Shika mkono wake, kaa naye. Mtu aliyekaa kimya na mfiwa huku anahesabiwa kuwa amehani kikamilifu. Novemba 2 ni *hingedepäev*, siku ya roho za marehemu, na jioni utaona mishumaa madirishani. Siku hiyo watu huongea chini, nawe ongea chini.

Matamshi kidogo tu, maana mengine utayapata kwa kusikia. J yao isome kama Y yetu. Õ weka ulimi kama unataka kusema O, lakini midomo usiiviringe, iache wazi kama ya E. Mkazo uko silabi ya kwanza, na hapa ndipo Waswahili tunaposhikwa, kwa sababu sisi tunaubeba kwenye ya pili kutoka mwisho. Sema HOMmikust, usiseme homMIkust. *Aitäh* inakwenda kinyume, mkazo wake uko mwishoni.

Na wewe mdogo wangu wa Tallinn, ni kweli Kiingereza kinatosha kununua maziwa. Lakini lugha hii ina wasemaji takribani milioni 1.1 dunia nzima. Mzee wa Võrumaa ukimwambia sentensi moja tu kwa lugha yake anajua hukulazimishwa na yeyote, umejifunza kwa ajili yake. Hilo linafungua milango ambayo kadi ya mteja haiifungui.

Msanifu_Programu

Mama Liisi umeeleza vizuri sana, nimesoma mara mbili. Naongezea ya ofisini, kwa kuwa huyu ndugu akimaliza shule anaweza kujikuta huku. Mimi naandika programu kwenye kampuni moja eneo la Ülemiste, Tallinn.

Sikiliza sana *No nii*. Ikisemwa mwanzoni maana yake tuanze. Ikisemwa mwishoni, mara nyingi kwa kupiga mapaja kidogo kwa viganja, maana yake tumemaliza, watu wainuke. Anayeielewa *no nii* anajua lini kikao kimekwisha kabla hakijatangazwa. Kwenye simu nyumbani au kazini mtu hapokei kwa salamu ndefu, anasema *Jah, kuulen*, nasikiliza, nawe unaingia kwenye jambo moja kwa moja. Kuagana ni *Davai, tšau!* Hiyo *davai* imetoka Kirusi na vijana wanaitumia kila dakika, lakini kwa mzee usiitumie, mwambie *Head aega* au *Kõike head*.

Kusifiwa nako kunataka sikio. Meneja akiitazama kazi yangu akasema *Pole paha*, si mbaya, nakwenda nyumbani nimefurahi, kwa sababu hiyo ni sifa kamili. *Päris hea*, nzuri kabisa, iko juu zaidi. Na *Tubli!* ni hongera ya moyoni: mtoto akivaa viatu mwenyewe ni *tubli*, mtu mzima akimaliza mradi mgumu ni *tubli*. Hata wakati wa kuagana mtu anaweza kukwambia *Ole tubli!*, na hapo anakutakia ujikaze na uendelee vizuri. Ukiambiwa hivyo usiulize umefanya nini, sema asante.

Jambo jingine litakalokushangaza ni *jah* inayosemwa kwa kuvuta pumzi ndani. Utamsikia mtu, hasa mama wa makamo, akikubali unachosema kwa *jah* kama mtu aliyeshtuka. Hajashtuka. Anakuambia endelea, niko nawe.

Na ukimwomba mtu jambo akakujibu *Eks näis*, tutaona, ipe uzito wake. Sisi tukisema tutaona, mara nyingi tumeshakataa kwa upole. Hapa anaweza kweli akaenda kutazama, akarudi na jibu siku mbili baadaye wakati wewe umeshasahau. Ukimya wa katikati usiufasiri vibaya. Mimi siku hizi nikiuliza swali kikaoni nangoja, sirudii swali, simpi mtu maneno mdomoni. Jibu linakuja.

Kwa mtihani au siku ya jambo kubwa watakutakia *Kivi kotti!*, jiwe mfukoni, na anayekwenda kufanya mtihani wa leseni ya gari anaambiwa *Nael kummi!*, msumari kwenye tairi. Ni dua za heri, zimegeuzwa tu. Usikasirike.

Mkulima_Tartu

Mama Liisi, shikamoo kwa mara nyingine. Sikutegemea kupata majibu ya namna hii, nimeyanakili yote kwenye daftari. Msanifu, asante kaka, ile *jah* ya kuvuta pumzi mhudumu wa maktaba anaifanya kila siku na mimi nilikuwa nadhani ana pumu.

Nina mambo mengine matatu. La kwanza ni *sina* na *teie*, namna zao mbili za kumwambia mtu "wewe". Najua *teie* ni ya heshima, lakini wanafunzi wenzangu wananiambia hakuna anayejali. Mwenye shamba nimwite nani? La pili, nikijaribu kuongea, mtu anageukia Kiingereza kama alivyosema Bahari. Namzuiaje bila kumkwaza? La tatu, wameniandikia kwamba wana sauna ya moshi na Jumamosi familia nzima huingia. Nitasema nini, nitafanya nini?

Mama Liisi

Marahaba. Nianze na *teie*, kwa sababu aliyekuambia hakuna anayejali ni kijana anayeongea na vijana wenzake. Kwa mtu mzima usiyemjua, ofisini, kwa daktari, anza na *teie*. Samahani ni *Vabandage*, si *Vabanda*. Ni *Kuidas teil läheb?*, si *Kuidas sul läheb?* Wewe umelelewa na shikamoo, kwa hiyo hili halikupi shida, ila linatembea tofauti: shikamoo haifutwi na mazoea, na mkubwa anabaki mkubwa mpaka kaburini. *Teie* inaweza kuondolewa, lakini anayeiondoa ni mkubwa. Atakwambia *Ütle mulle sina*, niambie *sina*, na kuanzia hapo ukirudi kwenye *teie* atahisi umejitenga naye. Shambani italetwa mapema, pengine siku ya kwanza mkiwa mmeshikilia ndama. Mwite jina lake la kwanza. Mimi kumwita mama mkwe kwa jina lake bila "mama" kulinipa taabu moyoni kuliko sarufi yote, na nyumbani kwetu hawajui kwamba namwita hivyo. Hapa si dharau, ndivyo wanavyoitana.

Anayekugeukia Kiingereza anakuhurumia, hakudharau. Anaona unapata tabu, anakurahisishia. Mwambie wazi: *Ma õpin eesti keelt*, najifunza Kiestonia, kisha *Palun rääkige aeglasemalt*, tafadhali ongea polepole. Ukiongeza hilo la pili anaelewa umekusudia, na wengi wanabaki kwenye Kiestonia. Tatizo halijaisha? Basi kaa na wazee na watoto. Mzee hana Kiingereza cha kukukimbilia, na mtoto atakusahihisha mara kumi bila kuchoka. Liisi wangu hunisahihisha mpaka leo. Maktaba nyingi pia zina *keelekohvik*, watu wanakaa na kahawa wakiongea tu kwa ajili ya wanaojifunza. Tartu huwezi kukosa.

Sauna ya moshi ichukulie kwa uzito wote. Desturi ya sauna ya moshi ya Võromaa, ndivyo wenyeji wanavyoiita Võrumaa, iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2014, lakini watu wa hapa walikuwa wakiithamini karne nyingi kabla ya karatasi hiyo. Haina bomba la moshi. Moto unawashwa mapema, moshi unajaza chumba na kukiacha cheusi, kisha unatolewa, na joto linabaki kwenye mawe. Ndipo watu wanaingia. Zamani wanawake walijifungulia humo, na maiti waliogeshwa humo, kwa hiyo sauti za ulevi na ugomvi haziingii. Mtu anayekwenda unamwambia *Head leili!* *Leil* ni ule mvuke unaoinuka maji yakimwagwa juu ya mawe. Wanachapana kidogo kwa matawi ya mti wa *kask*, usiogope, wewe toa mgongo. Kwa kawaida familia huingia pamoja, au wanaume kwa zamu yao na wanawake kwa zamu yao, na wanaingia bila nguo. Ukiona hujawa tayari, *Aitäh, täna mitte*, asante, leo hapana, na hakuna atakayekusukuma. Ila nakusihi uingie. Mume wangu na baba yake ambao mezani husemezana kwa vipande, humo ndani nawasikia kupitia mlangoni wakiongea saa nzima.

Halafu ukitoka, mshukuru aliyeipasha. Kuipasha ni kazi ya nusu siku. Na huko kusini utasikia wazee wanasema *aitüma* badala ya *aitäh*. Nawe sema *aitüma*. Utaona nyuso.

Bahari_Tallinn

Mama Liisi nimekuelewa, na nashukuru umenijibu kwa upole. Nitaanza na jirani yangu wa ghorofa ya chini, ambaye kila Jumamosi yuko kwenye baiskeli yake anaitengeneza uani. *Jõudu tööle* inafaa kwa baiskeli?

Mama Liisi

Inafaa kabisa. Mikono ikiwa na grisi inafaa.

Mkulima_Tartu

Jambo la mwisho kisha niwaache mpumzike. Mama mwenye nyumba ameniwekea karatasi mlangoni. Anatimiza miaka 75 Jumapili ijayo na ameniandika nifike saa nane mchana kunywa kahawa. Nimeisoma mara nyingi kuhakikisha sijakosea kuelewa. Niende na nini na niseme nini?

Mama Liisi

Hujakosea kuelewa. Sabini na tano ni *juubel*, siku kubwa, na haalikwi mtu wa ngazini tu. Umeona sasa kwamba zile *tere* zako zilikuwa zinapokelewa.

Fika saa nane kamili. Wakati wetu wa kuongeza nusu saa uuache. Akifungua mlango usimpe mkono ukiwa nje, wengi hawapendi kupeana mkono juu ya kizingiti, ingia kwanza. Vua viatu palepale. Kisha *Palju õnne juubeliks!*, hongera kwa juubel, mpe mkono, mpe maua. Maua yawe witiri: matatu, matano, saba. Shufwa ni ya mazishi, na mwuza maua mwenyewe atakuuliza ukikosea kuhesabu. Kwa mwanafunzi matano yanatosha, usijinyime chakula. Watakuletea *kringel*, mkate mtamu uliosukwa, na utaulizwa mara moja tu kama unataka kipande cha pili, unajua la kujibu. Watu wakianza kunyamaza nawe nyamaza ukila, wanafurahi hivyo. Akija kukusimulia habari ya picha zilizo ukutani, mwulize juu ya picha moja, ile anayoitazama zaidi.